Vidonge vya virutubisho: nani anavihitaji, na achague kipi?

Chukua watu wawili wanaolalamikia jambo moja: uchovu usioisha hata baada ya kulala vizuri. Wa kwanza ni mwanamke wa miaka 32 anayetokwa na damu nyingi kila hedhi. Wa pili ni mwanamume wa miaka 64 ambaye ametumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi. Wote wameshauriwa wanunue multivitamini, na huenda wakaishia kununua chupa za aina moja.

Mwanamke huyo pengine amepungukiwa madini ya chuma. Mwanamume pengine amepungukiwa vitamini B12, kwa kuwa metformin ikitumika muda mrefu huufanya mwili ufyonze B12 kidogo. Sasa, multivitamini nyingi zilizoandikwa kuwa ni za watu wa miaka 50 na kuendelea hazina chuma kabisa. Mwanamke akiimeza hiyo, hapati kitu anachokikosa. Mwanamume akimeza ile ya vijana, anapewa chuma asichokihitaji pamoja na B12 ambayo huenda isitoshe kwa mtu ambaye tumbo lake halifyonzi vizuri. Na bado uchovu wa yeyote kati yao unaweza kuwa umetokana na tezi ya thairoidi, figo au sonona, ambavyo havitibiwi kwa vitamini yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chupa na chupa, linganisha watu: nani kapungukiwa nini, na amejuaje.

Mlo au kidonge

Kwa mtu mzima mwenye afya anayekula vyakula vya mchanganyiko, mlo unashinda. Kisa cha beta-karotini, kirutubishi cha kwenye karoti ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinaonyesha kwa nini. Watafiti waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Wakaitenga beta-karotini, wakaitia kwenye kidonge, wakawapa wavutaji sigara. Nchini Finland wanaume wavutaji 29,133 walishiriki, na matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuimeza. Utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo: saratani ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28.

Vitamini E nayo ilipita njia hiyo. Wanaume waliomeza IU 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) kila siku katika jaribio kubwa la kuzuia saratani ya tezi dume walionekana, mwaka 2011, kuipata kwa asilimia 17 zaidi. Karoti ya kwenye sahani haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Chakula huja na nyuzinyuzi na viambato vingine vingi, na huja kwa vipimo ambavyo mwili unaweza kuvimudu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kidonge kinaushinda mlo bila ubishi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni asidi ya foliki kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Foleti (vitamini hiyohiyo kwa umbo lake la asili) ya kwenye mboga za majani ni nzuri, ila asidi ya foliki ya kidonge hufyonzwa vizuri zaidi, na mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya kushika mimba ndicho kiwango kinachopendekezwa. Mwaka 1991 jaribio lililoongozwa kutoka Uingereza, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamewahi kupata mimba yenye tatizo hilo, lilionyesha kuwa asidi ya foliki ilizuia karibu asilimia 72 ya marudio. Hao walipewa miligramu 4, yaani mara kumi ya kiwango cha kawaida, na dozi hiyo huandikwa na daktari. Ukisubiri kipimo cha mimba kisome ndiyo ndipo ukanunue, muda wenyewe unaweza kuwa umeshapita.

Wengine ambao kidonge kinawafaa kuliko kutegemea mlo peke yake ni hawa: asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, ambaye lazima atafute B12 kwingine, mama mjamzito, ambaye Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki, na mtu ambaye ngozi yake haipati jua, kwa sababu ya majira, mavazi au kukaa ndani, ambaye huenda akahitaji vitamini D. Ongeza waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na wenye magonjwa ya utumbo yanayozuia ufyonzaji. Hao wa mwisho wasijichagulie wenyewe. Wanahitaji mpango wa daktari wa maisha yote.

Multivitamini au kirutubishi kimoja

Multivitamini ina mvuto wake: unameza kimoja, unafunga mjadala. Lakini ushahidi wake ni hafifu. Madaktari wanaume 14,641 wa Marekani walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa waliomeza multivitamini walipata saratani kwa asilimia 8 pungufu. Si haba, ila kwa magonjwa ya moyo na kiharusi haikuonekana tofauti. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilipima tafiti zilizokuwepo na kusema ushahidi hautoshi kupendekeza multivitamini wala kuikataa kwa ajili ya kuzuia saratani na magonjwa ya moyo. Jopo hilohilo lilikataa wazi beta-karotini na vitamini E kwa lengo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halisemi. Kalsiamu na magnesiamu huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo kidonge kimoja hakiwezi kubeba mahitaji ya siku nzima. Geuza chupa usome safu ya asilimia: vitamini za kundi B huenda zikawa zaidi ya asilimia 100, huku kalsiamu ikisoma asilimia 15 au 20. Maneno "yenye vitamini na madini yote" si uongo, lakini hayakuambii ni kiasi gani.

Rai yangu: multivitamini ya kawaida, isiyozidi sana asilimia 100 kwa kirutubishi chochote, inamfaa mtu anayekula kidogo mno, kwa mfano mzee aliyepoteza hamu ya chakula au mtu aliyetoka kuugua. Kwa mwenye pengo linalojulikana, kidonge cha kirutubishi kimoja kinafaa zaidi, maana unaweza kupima kama kimefanya kazi. Na kwa asiye na pengo lolote, fedha hiyo ina matumizi mengine.

Chuma au B12

Huu ndio uamuzi ambao watu hukosea zaidi, kwa sababu vyote viwili huitwa "vya kuongeza damu". Upungufu wa chuma na wa B12 huweza kuleta weupe wa viganja, kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, na mapigo ya moyo kwenda mbio. Tofauti huanza kuonekana kwenye mishipa ya fahamu. Ganzi au kuwaka kwa nyayo, kupepesuka unapotembea gizani, kusahau kupita kawaida: hizo ni dalili za B12, na zikiachwa muda mrefu huenda zisirudi nyuma. Upande wa chuma kuna kucha zinazobonyea kama kijiko, na hamu ya ajabu ya kutafuna barafu au kula udongo.

Hapa kubahatisha kuna hatari yake. Asidi ya foliki nyingi inaweza kurekebisha picha ya damu ya mtu aliyekosa B12, hemoglobini ikapanda, kila mtu akafurahi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Chuma nacho hurundikana. Mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi, na wapo watu waliorithi ugonjwa wa kukifyonza kupita kiasi, kikawaharibia ini na moyo. Ndiyo sababu ya kuanza na vipimo: hemoglobini na feritini kwa chuma, kiwango cha B12 kwa upungufu wa B12. Feritini ndiyo inayoonyesha akiba, na hushuka kabla hemoglobini haijashuka.

Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akionekana hana chuma, swali la kwanza liwe damu inavujia wapi. Kidonda cha tumbo au uvimbe wa utumbo mpana hujitangaza hivyo. Kumeza chuma bila kutafuta chanzo ni kuupa ugonjwa nafasi ya kukua.

Ukishajua ni chuma, soma lebo kwa makini, kwa sababu uzito wa chumvi ya chuma si uzito wa chuma chenyewe. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 325 kina takriban miligramu 65 za chuma halisi. Ferasi glukoneti ya uzito huohuo ina kama 38 tu, na mara nyingi ndiyo inayovumilika kwa tumbo linalokataa ile ya kwanza. Kimeze mbali na chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu, kwa sababu hivyo vyote huzuia ufyonzaji. Tunda chachu au vitamini C husaidia. Choo cheusi ni kawaida. Kufunga choo na kichefuchefu ni malalamiko ya wengi, na tafiti za miaka ya karibuni kwa wanawake wenye akiba ndogo zimeonyesha kuwa kumeza siku moja na kuruka moja huufanya mwili ufyonze sehemu kubwa zaidi ya kila dozi. Muulize daktari kama mpangilio huo unakufaa. Na funga chupa, iweke juu kabisa: vidonge vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo aliyedhani ni peremende.

Ukijua ni B12, chaguo ni kati ya sindano na kidonge. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ila vidonge vingi vina 1,000. Wingi huo una sababu yake. B12 kwa kawaida hufyonzwa kwa msaada wa protini maalumu inayotengenezwa tumboni. Protini hiyo isipokuwepo, kama asilimia 1 tu ya dozi hupenya yenyewe. Asilimia 1 ya 1,000 ni mikrogramu 10, na hiyo inatosha. Kwa hiyo kidonge cha dozi kubwa kinaweza kufanya kazi ya sindano kwa wagonjwa wengi. Mwenye dalili za mishipa ya fahamu kwa kawaida huanzishiwa sindano.

Vitamini D au kalsiamu

Mara nyingi huuzwa pamoja kwa jina la mifupa, nami nadhani vingetenganishwa kwanza. Kalsiamu hupatikana kirahisi kwenye mlo wa anayekunywa maziwa au kula samaki wadogo pamoja na mifupa yao. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji 1,200. Hesabu kwanza unachokula, halafu ongeza kilichopungua tu. Vidonge vina kasoro: katika utafiti wa Marekani wa wanawake 36,282 waliokoma hedhi, uliotoka mwaka 2006, kalsiamu pamoja na vitamini D iliongeza kidogo uzito wa mfupa wa nyonga, haikupunguza mivunjiko kwa kiwango cha kuaminika, na iliongeza mawe ya figo kwa asilimia 17.

Vitamini D ni ngumu zaidi kuipata kwenye chakula; hutegemea jua. Kiwango cha kawaida ni IU 600 kwa siku, na 800 kwa aliyepita miaka 70. Mikrogramu 1 ni sawa na IU 40, hesabu itakayokusaidia ukikutana na chupa mbili zinazotumia vipimo tofauti. Lakini kwa mtu ambaye hajapungukiwa, kuongeza hakuleti miujiza. Watu 25,871 nchini Marekani walipewa IU 2,000 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, na vitamini D haikupunguza idadi ya waliopata saratani, magonjwa ya moyo, wala, kwa uchambuzi wa mwaka 2022, mivunjiko ya mifupa.

Epuka dozi kubwa za mara moja kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2010 uliwapa wanawake wazee IU 500,000 kwa mkupuo. Wakaanguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wenzao.

Ukihitaji kalsiamu, kabonati ni ndogo kwa umbo ukilinganisha na kiasi cha kalsiamu kilichomo, ila imezwe na chakula. Sitreti humezwa wakati wowote, na ndiyo ya kumfaa anayetumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Usizidishe miligramu 500 kwa mara moja.

Vingine, kwa haraka

Vitamini C kwa mafua: kwa watu wa kawaida haizuii. Wanaoitumia kila siku hupona mapema kidogo, takriban asilimia 8 ya muda kwa watu wazima, yaani kama nusu siku tu kwa mafua ya wiki moja. Kuanza kuimeza baada ya kupiga chafya haijaonekana kusaidia. Zaidi ya gramu 2 kwa siku huleta kuharisha.

Zinki: ina kazi inayojulikana vizuri kwa watoto wanaoharisha, pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa. Kwa mtu mzima, zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu humkosesha madini ya shaba.

Mafuta ya samaki au samaki mwenyewe? Samaki. Ukinunua vidonge, usidanganywe na "miligramu 1,000" ya mbele ya chupa. Tafuta jumla ya EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3 yenyewe, kwa nyuma; mara nyingi ni 300 tu.

Biotini ya nywele na kucha: upungufu wake ni nadra sana. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya thairoidi na kile cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Mwambie anayekutoa damu.

Vya kutafuna vyenye ladha au vya kumeza? Vya kutafuna aghalabu havina chuma, vina sukari, na watoto huviona peremende. Chagua vya kumeza ukiweza.

Ukiwa na dawa nyingine

| Unatumia | Angalia | Ufanyeje |
|---|---|---|
| Dawa ya thairoidi (levothyroxine) | Chuma, kalsiamu | Achanisha kwa saa 4 |
| Antibiotiki za doxycycline au ciprofloxacin | Chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu | Muulize mfamasia saa za kuachanisha |
| Warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) | Vitamini K, vitamini E nyingi | Usianze wala usiache bila kumjulisha daktari |
| Vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya ARV | Mmea wa St. John's wort | Usiutumie |
| Metformin, au dawa za asidi ya tumbo kwa muda mrefu | B12 kushuka | Omba ipimwe |
| Uko mjamzito | Vitamini A ya aina ya retinoli | Isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku. Inaweza kumdhuru mtoto |

Chupa mbili, kirutubishi kilekile

Tuseme umeshajua unachohitaji na chupa mbili ziko mbele yako. Katika nchi nyingi virutubisho husimamiwa kama chakula, si kama dawa. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kuwa bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza. Neno "asilia" basi halina uzito wowote. Anza na muhuri wa mpimaji wa nje. Muhuri wa USP au NSF unamaanisha kuwa kilichoandikwa ndicho kilichomo na hakina uchafu uliovuka kiwango. Haumaanishi kuwa kitakusaidia.

Kisha angalia dozi imeandikwa kwa vidonge vingapi. Chupa ya bei rahisi inaweza kutaka umeze vitatu ili upate kilichoandikwa mbele. Ukiona "mchanganyiko maalumu" wenye uzito wa jumla bila kutaja kila kiambato ni kiasi gani, rudisha. Na kwa bidhaa za kupunguza unene, kuongeza nguvu za kiume au kujenga misuli kwa haraka, kuwa mkali zaidi: ndizo ambazo wakaguzi wamezikuta mara kwa mara zimechanganywa na dawa zisizotajwa, kama sibutramine, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa sokoni kwa kuhatarisha moyo, au sildenafil, dawa ya nguvu za kiume ambayo kwa mtu anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua inaweza kuangusha shinikizo la damu kwa ghafla.

Ukianza, panga na siku ya kuacha. Kwa chuma, hemoglobini hupanda ndani ya wiki chache, lakini kujaza akiba kwa kawaida huchukua takriban miezi mitatu zaidi. Baada ya hapo pima tena feritini. Isipopanda, jibu si kuongeza dozi: ama hufyonzi, ama bado unapoteza damu, na hapo unahitaji daktari.